Jenereta ya saiti: namna ya kujua saizi kabla hujatoa hela

Wakuu habari za kazi. Swali la jenereta ya saiti linaulizwa kila siku na majibu karibu yote ni namba tupu, huyu anasema chukua KVA 5 (KVA ndo kipimo cha ukubwa wa jenereta), yule anasema weka 10 hutajuta, mwingine anakwambia piga 20 kabisa ulale usingizi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza saiti ina vyombo gani, iko wapi, nani anatumia nini saa ngapi. Mtu anaingia Kariakoo pale Gerezani na hela mkononi, muuzaji anamtajia iliyopo stoo, biashara imeisha. Matokeo yake ni moja kati ya mawili, ama jenereta inazima kila grinda ikiwashwa, ama inanguruma kutwa nzima kwa ajili ya laptop moja na taa mbili huku dizeli inaisha na kazi iliyofanyika haionekani.

Umeme wa saiti ndo kazi yangu, na hili la saizi linaniuma kwa sababu hela inayopotea hapo ingeweza kununua nondo au kulipa vibarua. Nnachotaka ushike ni hiki, jenereta haipimwi kwa kujumlisha kila chombo ulichonacho, inapimwa kwa ile saa moja nzito kuliko zote kwenye siku yako ya kazi. Ukiijua saa hiyo vyombo gani vinafanya kazi pamoja na kipi kinawashwa cha mwisho, saizi umeshaipata.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho ili uone hesabu inavyotembea. Tuseme mnajenga madarasa mawili na ofisi ya walimu kijijini mkoa wa Njombe, nguzo za TANESCO bado hazijafika, kenchi ni za chuma, milango na grili za madirisha vinachomelewa palepale saiti, na maji yanatoka kisimani kwa pampu.

Hatua ya 1: Zunguka saiti na daftari

Kabla hujaongea na muuzaji yeyote andika kila kitu kinachochomekwa kwenye umeme. Usikadirie kwa kichwa, geuza chombo usome kile kibati chake. Utakuta wati, au ampea, au hp. Kama ni ampea zidisha kwa 230 upate makadirio ya wati, kama ni hp zidisha kwa 746. Ila kwenye pampu na mota uwe makini, pampu iliyoandikwa 1.5 hp au wati 1,100 hiyo ni nguvu inayotoka kwenye shafti kusukuma maji, umeme yenyewe inaovuta ni mwingi zaidi, 1,500 mpaka 1,600 hivi, maana mota yoyote sehemu ya umeme wake inaishia kwenye joto. Grinda na drili za mkono ni tofauti, wati zilizoandikwa pale kwa kawaida ndo zinazovutwa.

Halafu uliza kila chombo kinakula nini. Mixa za zege nyingi kwenye saiti zetu zina injini yake ya dizeli, vibreta nyingi zina injini ya petroli, kompakta vilevile, hizo hazihusiani na jenereta kabisa, ziache nje ya hesabu. Nimeona makadirio ambayo mixa imewekewa kilowati 4 za umeme kumbe ina injini yake na tenki lake, basi jenereta ikapanda daraja zima bure.

Kwa saiti yetu ya Njombe daftari linasoma hivi:

Pampu ya kisima 1.5 hp, wati 1,600
Welding invetta (ile mashine ndogo nyepesi ya kuchomelea) kwa rodi za mm 3.2, wati 3,500
Grinda kubwa ya inchi 9, wati 2,200
Grinda ndogo ya inchi 4 na nusu, wati 850
Drili ya zege, wati 800
Taa 4 za LED za wati 50, jumla 200
Laptop, printa ndogo na chaja za simu, wati 300
Jagi la umeme la chai ofisini, wati 2,000

Hilo jagi huwa haliandikwi na mtu yeyote, lakini linavuta karibu sawa na grinda kubwa, na linawashwa saa 4 asubuhi wakati kazi ndo imechanganya. Andika.

Jumla ya vyote ni wati 11,450. Mtu wa haraka hapa anagawanya kwa 0.8 (hiyo 0.8 nitaieleza hatua ya 6) anapata KVA 14 na kidogo, anaongeza ya usalama, anaondoka na 20. Subiri kwanza.

Hatua ya 2: Itenge mashine ya kuchomelea peke yake

Hapa ndo penye kosa kubwa kwenye saiti za kwetu kwa sababu kila saiti ina geti, grili, kenchi. Mashine imeandikwa 200A ubavuni, mwingine anachukua 200 anazidisha kwa 230 anapata kilowati 46 anashtuka, mwingine anaona kiboksi kidogo chepesi anasema hiki hata jenereta ya KVA 2 inabeba. Wote wamekosea. Zile 200A ni za upande wa kuchomelea na kule volti ni ndogo, 20 na kitu tu.

Kinachoamua ni rodi unayochoma. Rodi ya mm 2.5, ile mafundi wanayoita geji 12, inachomwa kwenye ampea 80 hivi, na volti za moto wake ni kama 23, kwa hiyo pale kwenye moto kuna wati 1,850 hivi, ukiweka na kinachopotea ndani ya mashine inavuta karibu wati 2,200 kutoka kwenye jenereta. Rodi ya mm 3.2, geji 10, inachomwa kwenye ampea 120, volti kama 25, kwenye moto ni wati 3,000 na kwenye jenereta inavuta karibu 3,500. Sasa ongeza jambo lingine, invetta za bei ya kawaida zinavuta umeme kwa mikupuo, hazivuti laini kama jagi au taa ya balbu, kwa hiyo hizo wati 3,500 jenereta inazibeba kama VA 5,000 (VA ndo mzigo wenyewe jenereta inaoubeba, VA 1,000 ni KVA 1). Rodi ndogo inahitaji kama VA 3,000.

Kwa hiyo muulize fundi wako wa kuchomelea anatumia rodi gani kwenye kazi hii, usimuulize mashine ni ya ampea ngapi. Grili na fremu za chuma chembamba anaweza kumaliza kwa geji 12, kenchi za chuma kinene atataka geji 10. Na kama ana ile mashine ya zamani ya koili, nzito ya kubebwa na watu wawili, hiyo hesabu yake ni nyingine, inavuta VA nyingi sana kwa kazi ileile. Kwenye saiti ya jenereta ni bora ukodi invetta kuliko kununua jenereta kubwa kwa ajili ya ile mashine.

Hatua ya 3: Jua kipi kinashtua kikiwashwa

Taa na laptop hazina shida, zinavuta kilekile mwanzo mpaka mwisho. Mota ndo zenye mambo. Mota inapoondoka kutoka kusimama inavuta umeme mwingi kuliko ikishazunguka, kwa sekunde moja au mbili tu, lakini hizo sekunde ndo zinazoizima jenereta.

Pampu ya kisima na kompresa ndo mbaya zaidi. Weka mara 3 ya wati zake kama hesabu ya chini, na kompresa ambayo tenki lake lina upepo tayari inaweza kuzidi hapo. Pampu yetu ya wati 1,600 inahitaji 4,800 kuondoka. Mashine za kukata nondo na za tofali zenye mota ya umeme zipo kundi hilohilo. Grinda na drili za mkono zina mota ya aina nyingine, hizo weka mara 1 na nusu, grinda kubwa ya zamani weka mara 2. Siku hizi zipo grinda za inchi 9 zinazoanza taratibu zikishika kasi kidogokidogo, kama bado hujanunua grinda chagua hiyo, inakupunguzia jenereta.

Na kitu kingine mafundi wanakijua ila wanakisahau, jenereta ikizima kwa kuzidiwa huku swichi za vyombo vyote ziko on, ukiiwasha tena vyote vinataka kuondoka kwa mpigo mmoja. Zima vyombo vyote kwanza, washa jenereta, iache itulie, ndo uwashe kimoja kimoja ukianza na chenye mshtuko mkubwa.

Hatua ya 4: Tafuta saa nzito

Kaa na foremani na fundi wa kuchomelea, dakika 20 zinatosha, muulize siku yenu inaendaje. Vyombo vinane kwenye daftari havifanyi kazi pamoja kwa sababu mafundi wenyewe hawatoshi kuvishika vyote. Fundi akiwa anachomelea kenchi msaidizi wake anakata chuma kwa grinda kubwa, ofisini kuna laptop. Drili ya zege inafanya kazi siku ya kufunga fremu, siku hiyo kenchi zimeshapanda. Taa zinawashwa usiku kwa ajili ya mlinzi, muda huo welding imelala.

Saa nzito ya saiti yetu ni hii, welding 3,500, grinda kubwa 2,200, ofisi 300, jumla wati 6,000. Ukihesabu kwa VA ni 5,000 na 2,200 na 300, inakuja 7,500.

Sasa pampu tuiweke wapi? Ikiachwa iwashwe muda wowote maji yakiisha, kuna siku itawashwa fundi yuko katikati ya kuchomelea na grinda inazunguka, hapo ni 6,000 jumlisha 4,800 ya kuondoka, unapata 10,800. Lakini pampu ikiwashwa saa 12 na nusu asubuhi kabla ya kazi, ikajaza simtanki la lita 5,000, ikazimwa, ile 4,800 inatoka kabisa kwenye saa nzito. Kuamua tu pampu inawashwa saa ngapi kumekupunguzia karibu nusu ya jenereta. Vilevile jagi, chai ichemshwe kwa mkaa au gesi, au lichomekwe wakati fundi anapumzika. Haya muandike kwenye karatasi mbandike pale kwenye jenereta, foremani asimamie, maana usipoyasimamia hesabu yote hii haina kazi.

Kama kazi yenyewe hairuhusu ratiba, mfano dewatering ambapo maji ya shimo la msingi yanatakiwa yatolewe muda wote, hapo kubali, pampu inaingia kwenye saa nzito na mshtuko wake.

Hatua ya 5: Ongeza nafasi, halafu ongeza mwinuko

Chukua wati 6,000 ongeza robo yake, inakuwa 7,500. Hiyo robo ndo inabeba mshtuko wa grinda na chombo kimoja kidogo ambacho hukukitegemea, na inaifanya injini isikimbie kwenye kikomo chake siku nzima. Usiongeze nusu wala usizidishe mara mbili kwa kuogopa, nitaeleza chini kwa nini.

Kisha mwinuko, jambo ambalo muuzaji wa Dar hana sababu ya kulifikiria kwa sababu yeye yuko usawa wa bahari. Injini inapumua hewa, na juu milimani hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini isiyo na tabo (turbo, kile kinachoisukumia injini hewa) inapoteza nguvu kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Dodoma iko karibu mita 1,100, Arusha 1,400, Mbeya karibu 1,700, Nairobi karibu 1,800, Njombe karibu 2,000. Jenereta iliyojaribiwa Kariakoo ikabeba vizuri tu mbele ya macho yako, ikifika Njombe imebaki na nguvu kama asilimia 80. Na ile ya petroli juu kule inaanza kutoa moshi mweusi na kulowanisha plagi kwa sababu kabureta inaleta mafuta yaleyale huku hewa ikiwa pungufu, inahitaji fundi abadilishe jeti.

Kwa hiyo wati 7,500 gawanya kwa 0.8 ya Njombe, unapata karibu 9,400. Kazi ileile ukiifanya Kigamboni au Tanga hii hatua unairuka, unabaki na 7,500. Joto kali nalo linapunguza kidogo, hasa jenereta ikifungiwa kwenye kibanda cha mabati kisichopitisha hewa, lakini hilo dawa yake ni kivuli kilicho wazi pembeni, usilinunulie KVA.

Hatua ya 6: Geuza kilowati kuwa KVA na usome kibati cha jenereta

Jenereta nyingi za dizeli zimeandikwa KVA na pembeni cos φ 0.8. Maana yake KVA zidisha kwa 0.8 upate kilowati zake halisi. KVA 10 ni kilowati 8. Sisi tunataka kilowati 9.4, gawanya kwa 0.8, inakuja 11.75, kwa hiyo tunatafuta KVA 12. Kule pwani kilowati 7.5 ingekuwa KVA 9.4, yaani 10 inatosha. Linganisha na ile 20 ya kujumlisha vyote.

Kwenye kibati usidanganyike na namba kubwa iliyochorwa kwenye tenki au kwenye stika ya rangi. Jenereta ndogo za petroli zina namba mbili, Rated na Max, na ile ya Max ni ya muda mfupi tu, hesabu yako iende na Rated. Jenereta kubwa za dizeli zinaandikwa PRP au ESP. ESP ni ya dharura, umeme wa gridi ukikatika ibebe mpaka urudi. PRP ni ya kufanya kazi kila siku mzigo ukipanda na kushuka, na saiti yako isiyo na gridi inahitaji PRP. Kama kibati kina namba moja tu na hakisemi ni ipi, muulize muuzaji karatasi za kiwandani, asipokuwa nazo ichukulie kama ndo ya juu kabisa na upunguze asilimia 10.

Hatua ya 7: Fezi moja au tatu

Hapa naomba usome taratibu. Watu wengi wanaona jenereta ya fezi tatu ndo ya kiume na bei yake wakati mwingine haitofautiani sana, wanachukua. Sasa jenereta ya KVA 12 ya fezi tatu imegawanyika, kila fezi inakupa KVA 4 tu. Ile welding yetu inataka VA 5,000 na inachomekwa kwenye fezi moja. Haiingii. Unakuwa na KVA 12 saiti na bado welding inaikwamisha, fezi mbili zimekaa bure na moja inaungua, na volti zinayumba kiasi cha kuua chaja na printa zilizo kwenye fezi zile nyingine.

Vyombo vyetu vyote ni vya fezi moja, kwa hiyo tunachukua KVA 12 ya fezi moja, basi. Fezi tatu ichukue pale ambapo kuna chombo chenyewe cha fezi tatu, kama mashine ya kukata na kukunja nondo, winchi, au pampu kubwa, na hapo inabidi uhesabu kila fezi kivyake kwenye daftari, fezi yenye mzigo mkubwa ndo inayoamua saizi, uizidishe kwa 3.

Hatua ya 8: Petroli au dizeli, moja au mbili

Chini ya kilowati 5 na kazi za saa chache, petroli haina shida, ni nyepesi inabebwa kwenye bodaboda hata kwenye toyo. Ikizidi hapo na kazi ni ya kila siku kwa miezi, chukua dizeli. Injini ndogo ya dizeli ikiwa na mzigo mzuri inakula kama theluthi moja ya lita kwa kila uniti, uniti ileile unayonunua kwenye Luku, wakati petroli inakula nusu lita au zaidi kidogo kwa uniti hiyohiyo. Angalia pia mzunguko wa injini, za 1,500 kwa dakika ni nzito na ghali ila zinadumu, za 3,000 ni nyepesi zenye kelele na zinachakaa mapema.

Na sasa lile la kuogopa na kununua kubwa. Dizeli ikikaa muda mrefu na mzigo chini ya asilimia 30 haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, utaona majimaji meusi ya mafuta yanachuruzika kwenye egzosi, nozeli zinashika masizi, nguvu zinapungua, na mwenye nayo anadhani kauziwa feki kumbe anaiua mwenyewe kwa kuinyima kazi. Hata KVA 12 yetu, ikiwashwa usiku kwa ajili ya taa za wati 200 ni kuiharibu na kuchoma mafuta bure.

Ndo maana ushauri wangu kwa saiti kama hii ni mbili, hiyo 12 ya dizeli kwa ajili ya kazi, na kijenereta cha KVA 1 au 2 cha petroli kwa ajili ya taa, laptop na simu. Kama bajeti inaruhusu weka sola na betri upande huo mdogo, taa za LED na laptop vinabebeka vizuri tu. Bei ya kijenereta kidogo inarudi kwenye mafuta ambayo ile kubwa ingekunywa usiku.

Kukodi pia ni sahihi kabisa. Kenchi na grili ni kazi ya wiki chache, miezi mingine yote mnainua ukuta na kupiga plasta na hamhitaji zaidi ya kile kidogo. Kodi ile kubwa kwa wiki za kuchomelea.

Hatua ya 9: Waya usile jenereta yako

Kuna jenereta nyingi zimelaumiwa kwa kosa la ekstensheni. Waya wa kopa wa 1.5 (hizi ni milimita za mraba za unene wa waya) wenye urefu wa mita 50, welding ya mm 3.2 ikivuta ampea 22, unapoteza volti 26 njiani, jenereta inatoa 230 na fundi anapata 204, moto unakufa kila akigusa chuma. Waya wa 2.5 unapoteza 16, wa mm 4 unapoteza 10. Kwa welding tumia wa mm 4, au isogeze jenereta. Pampu ndo kabisa, volti zikishuka wakati inaondoka inachukua muda mrefu kushika kasi, inapata moto, na ndo mota za pampu zinavyoungua. Na ekstensheni ya rola ifungue yote hata kama unahitaji mita 5, ikiwa imejikunja inapika ganda lake yenyewe. Waya wa bei rahisi sana kata kipande ukwangue uangalie ndani, nyingine ndani ni alumini iliyopakwa kopa juu tu.

Hatua ya 10: Jaribu kabla ya kulipa

Nenda na mita inayosoma volti na Hz, nenda na invetta yako na grinda yako. Ikiwa haina mzigo inatakiwa iwe kwenye 230 hivi na Hz 50 mpaka 52. Weka majagi matatu ya wati 2,000, hapo umefika 6,000, saa yetu nzito kamili, iache robo saa. Volti zikae juu ya 220, Hz zisishuke chini ya 49 wala zisicheze juu chini. Kisha toa majagi, mwambie fundi achome rodi ya mm 3.2 huku mwingine anawasha grinda, sikiliza injini, ishuke kidogo na inyanyuke yenyewe. Muuzaji akikataa hili jaribio, duka la pili liko jirani. Na mkumbuke Njombe wakati unaangalia, ikiwa Dar inabeba kwa shida, kule haibebi.

Hatua ya 11: Iweke sehemu salama

Nje, sehemu kavu, mita 6 au zaidi kutoka kwenye dirisha au mlango wowote, na moshi uelekee upande usio na watu. Usiiweke stoo hata mlango ukiwa wazi, usiiweke kwenye darasa lisilo na madirisha kwa sababu mvua imeanza au kwa kuogopa wezi. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, mlinzi akilala karibu nayo haamki. Jenga kibanda cha paa tu, wezi wazuie kwa mnyororo na kitako cha zege.

Petroli usiongeze injini ikiwa moto au inafanya kazi. Erthi ichimbiwe, na fundi mwenye leseni ya EWURA aunganishe nyutro na erthi sehemu moja kisha aweke breka ya kukinga shoti ya 30mA, maana jenereta nyingi za kubeba nyutro yake inaelea, yaani haijaunganishwa na erthi, na hiyo breka bila kuunganishwa vizuri inaweza isikate mtu akishika waya. Na siku TANESCO wakifika weka chenji ova (swichi ya kuchagua TANESCO au jenereta, kimoja tu kwa wakati), usichomeke jenereta kwenye soketi ya jengo kwa waya wa dume mbili. Umeme wako ukirudi kwenye laini, transfoma inaupandisha mpaka volti 11,000 au 33,000, na juu ya nguzo kuna mtu anafanya kazi akijua laini imekufa.

Hatua ya 12: Pima wiki ya kwanza

Nunua au azima klampu mita, ishike kwenye waya wa laini unaotoka kwenye jenereta, andika ampea kila saa moja kwa wiki nzima. KVA 12 ya fezi moja ni ampea 52 kwenye kibati, kwa Njombe usiipitishe 41 au 42 kwa muda mrefu. Saa nzito yetu inatakiwa isome kama 33. Ikisoma zaidi ya 40 na egzosi inatoa moshi mweusi fuata waya mpaka mwisho, utakuta jagi au mtu kaleta welding ya pili. Na ikiwa saa nyingi za siku iko chini ya 15, washa kile kidogo kwa saa ambazo mzigo wake kinauweza, na ile kubwa iwashwe fundi akiwa ameshashika rodi.